Kufufua injini ya mvuke: hela zinatoka wapi, zinaishia wapi

Kila nikirudi Mombasa likizo lazima kuna mtu ataniuliza lile swali, kwamba zile Garratt mbili, vichwa vikubwa vya treni vya mvuke vilivyolala pale makumbusho ya reli Nairobi, 5918 na 5930, si watu wachange tu ziwashwe zirudi relini, kwani ni pesa ngapi? Naulizwa mimi kwa sababu babu alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa injini, enzi za East African Railways, alafu mimi mwenyewe huku Uingereza Jumamosi zangu karibu zote naishia kwenye karakana ya wajitoleaji, ovaroli nyeusi, kucha nyeusi, nakwangua kutu kwenye chuma kilichoundwa kabla baba yangu hajazaliwa. Jibu langu huwa lile lile na watu hawalipendi: bei haijulikani mpaka boila, lile pipa la kuchemshia maji yawe mvuke, ifunguliwe. Hela nyingi sana za miradi hii zimepotelea pale katikati, kati ya kile watu walichodhani wanakijua na kile walichokuta ndani.

Kwaiyo naandika hapa yote ninayoyajua, kwa yeyote anaeota kufufua kichwa cha mvuke, awe Nairobi, Bulawayo au huku ulaya. Ndoto yenyewe ni halali kabisa na inawezekana, hiyo 5930, Mount Shengena, ilishafufuliwa mara moja ikatembea tena mwaka 2001. Wanaume na wanawake wazima wamelia kituoni kwa kusikia tu honi yake. Ila kuna njia ya kuifanya na kuna njia ya kuchoma hela za watu.

Kabla ya spana, karatasi

Jiulize kwanza hiyo injini ni ya nani. Injini nyingi zilizo makumbusho ni mali ya shirika la reli au serikali, na wale wanaoipenda hawana hata boliti moja yake kisheria, sasa ukienda ukatia pesa za watu miaka nane kwenye mali isiyo yako alafu mkurugenzi mpya akaingia akasema naitaka irudi ikae getini kama pambo, utamwambia nini? Unahitaji mkataba wa maandishi, na muda wake uhesabu hivi: miaka ya kuifufua, ambayo itazidi ile unayoifikiria, jumlisha angalau miaka kumi ya kuiendesha. Chini ya miaka 20 usisaini. Mkataba useme nani anakata bima, nani anamiliki spea mpya mlizotengeneza, na mradi ukifa katikati ile injini iliyofumuliwa inarudishwa kwa hali gani na kwa gharama ya nani. Hicho kipengele cha mwisho watu wanaona aibu kukiandika siku ya harusi. Kiandikeni.

Alafu jiulize itatembea wapi. Hili la pili huwa watu wanalikumbuka mwishoni kabisa, injini imeshapakwa rangi ndo wanauliza njia. Garratt za daraja la 59, kama hizo mbili, ni za reli ya upana wa mita moja, kila moja ina uzito wa tani 252 hivi, kwaiyo SGR, ile reli mpya pana zaidi, isahau, unazungumzia ile reli ya zamani, na ile reli ya zamani saa hizi haina tena minara ya maji kila stesheni kama enzi za babu. Maji utayapata wapi njiani? Boza la barabarani? Barabara inafika hapo kituoni? Mafuta mazito utayawekea wapi? Utaigeuzia wapi ukifika, ingawa kwa hili Garratt ina unafuu maana inakwenda mbele na nyuma vizuri tu. Ukipata majibu ya hayo ndo ujue safari yenyewe itakuwa ya kilomita ngapi, na kutoka hapo ndo ujue tikiti itauzwaje, na kutoka hapo ndo ujue kama mradi wako unasimama wenyewe au utaombaomba milele.

Fungua kwanza, ahidi baadaye

Hapa ndo nataka tukae muda mrefu, maana hapa ndo pesa zinapoliwa.

Injini ya mvuke ukiitazama nje unaona magurudumu, vyuma vya pembeni, bomba la moshi, rangi. Gharama haipo hapo. Gharama ipo kwenye boila, na boila imevaa koti, bati la nje na chini yake kizuizi cha joto, kwaiyo hata mtu akiizunguka na tochi siku nzima hajaona kitu. Hicho kizuizi chenyewe kwenye injini za zamani, zikiwemo zilizotengenezwa miaka ya 50, uwezekano ni mkubwa kuwa ni asbesto, na asbesto haibanduliwi na vijana wa kujitolea na kitambaa puani. Ni kazi ya kampuni yenye leseni, na hiyo ndo bili yako ya kwanza kabla hujagusa chochote. Msiiruke jamani. Ule unga unakaa kwenye mapafu miaka na miaka ndo unajitokeza.

Koti likitoka, unakwangua na kusafisha mpaka chuma kionekane, alafu unachora mistari ya chaki kama daftari la hesabu na kupima unene wa bati kila kisanduku kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Unaandika namba. Pale chini kabisa ya sanduku la moto, kile chumba ambamo moto unawaka, ambapo matope na ukoko wa chumvi za maji hukaa, ndo kuna kuliwa zaidi. Mirija yote, ile inayopitisha hewa ya moto katikati ya maji, inakatwa inatolewa, maana bila kuitoa huwezi kuingia ndani ya pipa la boila ukaona tumbo lake kwa macho. Alafu kuna stei. Stei ni zile boliti ndefu zinazoshika ukuta wa sanduku la moto na ukuta wa nje zisiachanishwe na presha, ziko mamia kwa mamia kwenye injini kubwa, na kila moja inaweza kuwa imekatika bila kuonekana.

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya stei, fundi wetu mmoja mzee aliniingiza ndani ya sanduku la moto kupitia ule mlango mdogo, akanipa nyundo ndogo na kipande cha chaki, akasema gonga, sikiliza. Mwenyewe alikaa nje ya boila ameshika chuma kizito upande wa pili. Stei nzima inaimba, inakurudishia nyundo mkononi. Iliyokatika inatoa sauti ya kufa, kama unagonga gunia la unga, na mkono unaisikia kabla ya sikio. Nikaipata ya kwanza nikachora msalaba. Mpaka mchana nilikuwa na misalaba 41 kwenye ukuta mmoja tu, na kwenye daftari la mradi pale ofisini paliandikwa "stei chache za kubadilisha." Hakuna aliyedanganya, walioandika waliangalia kwa nje, hawakugonga. Ila ile bajeti iliyotangazwa kwa wanachama ilijengwa juu ya neno "chache," na hiyo ni mwaka mzima wa michango imeondoka asubuhi moja.

Huo mfano wetu ni mdogo. Mkubwa unajulikana dunia nzima, ni Flying Scotsman. Injini ya mwaka 1923, iliyoundwa Doncaster, maarufu kuliko zote Uingereza. Mwaka 2004 makumbusho ya taifa ya reli ya York yaliinunua kwa pauni milioni 2.3, mfuko wa taifa wa urithi ukatoa milioni 1.8 kati ya hizo na wananchi wa kawaida wakachanga. Wakaanza kuifanyia matengenezo makubwa 2006. Mwezi wa tano 2011 ikatolewa nje imepakwa rangi nyeusi ya wakati wa vita, watu wakashangilia, alafu ukaguzi uliofuata ukakuta nyufa kwenye fremu, ikarudishwa ndani ikafumuliwa upya. Ilikuja kutembea mwaka 2016. Miaka kumi, pauni milioni 4.2. Makumbusho wenyewe waliagiza ripoti huru ya kueleza kilichotokea na wakaitoa hadharani, jambo ambalo mimi nawaheshimu nalo sana, na kiini chake ukisoma ni kwamba hali halisi ya injini haikujulikana vizuri wakati ahadi zinatolewa. Hao ni watu wenye wahandisi, wenye kumbukumbu, wenye jina. Sasa kamati ya watu tisa yenye kopo la michango itasalimikaje ikifanya hivohivo?

Kwaiyo mradi wako ugawe vipande viwili na uwaambie watu wazi. Kipande cha kwanza ni uchunguzi tu: kuvua koti, kutoa mirija, kupima, kuandika ripoti. Changisha pesa za hicho peke yake. Usimwahidi mtu safari, usiuze tikiti, usitaje tarehe. Ripoti ikitoka ndo mkae mseme tunaendelea au tunaifunga vizuri, tunaipaka mafuta, tunaiacha ipumzike. Kusimama baada ya ripoti ni uamuzi halali na wachangiaji wakiambiwa tangu mwanzo hawakasiriki, wanaokasirika ni wale walioahidiwa safari ya Krismasi.

Kwenye Garratt ongeza hesabu moja. Uzuri wake ni boila moja inaendesha mitambo miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, ndo maana zile 59 zilikuwa na nguvu kuliko injini nyingine yoyote ya mvuke ya reli ya mita. Ubaya wake kwa mfukoni ni huohuo. Silinda nne, magurudumu ya kuvuta 16, beringi zake zote, na mabomba ya mvuke yenye viungo vinavyopinda pale injini inapokata kona. Ukisikia mtu ametengeneza injini ya kawaida kwa kiasi fulani usichukue hiyo namba ukaileta kwenye 59.

Hela zinatoka wapi

Tajiri mmoja? Inajaribiwa sana. Historia ya Flying Scotsman hiyohiyo inatosha kuwa onyo. Alan Pegler aliinunua 1963 kwa pauni 3,000, akaipeleka Marekani 1969, safari ikakosa pesa, 1972 akatangazwa muflisi na injini ikakwama ng'ambo mpaka William McAlpine akaikomboa 1973. Akaja Tony Marchington akainunua 1996, naye akaishia kufilisika. Walikuwa watu wenye mapenzi ya kweli na pesa za kweli. Injini ya mvuke inakula kila siku hata ikiwa imelala, bima inalipwa, banda linalipwa, kutu haichukui likizo, na mtu mmoja siku biashara yake ikiyumba anaondoka na injini inaondoka nae.

Njia ninayoiamini mimi ni ile ya wengi kidogo kidogo kwa muda mrefu, na mfano wake ni Tornado. Kule Uingereza kulikuwa na aina ya injini inayoitwa A1 ambazo zote zilikatwa skrapu, haikubaki hata moja, sasa mwaka 1990 kikaanzishwa chama, A1 Steam Locomotive Trust, cha kujenga mpya kabisa kutoka kwenye michoro, ndo hiyo Tornado. Hawakuanza kwa kutafuta tajiri. Walimwambia mtu wa kawaida: toa bei ya glasi moja ya bia kwa wiki, wakati huo pauni 1.25, kila mwezi bila kukosa, benki ikate yenyewe. Ikachukua miaka 18. Mwaka 2008 ikawashwa, gharama kama pauni milioni 3, boila iliundwa Meiningen Ujerumani. Kuna watu walilipa ile bia yao miaka yote hiyo 18 na walikuwa wamesimama pembeni ya reli siku inatoka.

Piga hesabu uone nguvu yake. Watu 1,000 kwa pauni 5 kwa mwezi ni pauni 60,000 kwa mwaka. Kwa shilingi za Kenya, watu 300 kwa mia tano kila mwezi ni 150,000, kwa mwaka milioni 1.8, na hiyo ni pesa ambayo unajua inakuja kwaiyo unaweza kumwambia fundi njoo Machi nitakulipa. Harambee ya siku moja inaweza kuleta zaidi ya hapo kwa mkupuo, sikatai, sisi tunajua kuchangishana kuliko hawa wazungu, tumezika na kuozesha na kusomesha kwa michango, ila harambee inaleta pesa siku watu wana furaha alafu inakauka, na boila haijali furaha yako ya mwezi uliopita. Fanya harambee kwa kitu kimoja chenye mwisho, mfano mirija, alafu mchango wa kila mwezi uwe ndo uti wa mgongo.

Walewale wa Tornado walipoanza kujenga injini yao ya pili, P2, walifanya kitu kingine cha busara, waliomba watu 100 watoe pauni 1,000 kila mmoja kuwa waasisi, wakajitokeza zaidi ya 300. Na wanauza vipande: mtu anafadhili kipande fulani, kikubwa au kidogo kulingana na mfuko wake, na jina linaandikwa kitabuni kuwa hiki kililipiwa na fulani. Hii kwetu itakubali sana nina hakika. Mtu wa Kibwezi ambaye babake alipiga reli miaka 30 hatanunua hisa ya injini lakini atalipia valvu moja kwa jina la babake, na ataleta ndugu zake kuiona.

Pesa za mashirika na mifuko ya urithi zipo, na kwa Uingereza ukiwa chama cha hisani kilichosajiliwa kuna utaratibu wa Gift Aid ambapo mlipa kodi akitoa pauni 100 serikali inaongeza 25. Ila pesa za mfuko huja na masharti, taarifa kila robo mwaka, muda maalumu wa kuzitumia, na mara nyingi wanataka nanyi mlete fungu lenu. Kingine ni kwamba mifuko inapenda kulipia kitu kipya kinachopigwa picha, hakuna anaependa kulipia umeme wa karakana. Hiyo umeme lazima itoke kwenye ile mia tano ya kila mwezi.

Mkopo kutoka kwa wanachama pia umetumika, Tornado walifanya wa boila, unakopesha chama unarudishiwa na riba kidogo. Mimi ningeuacha mpaka mwisho kabisa, wakati injini imeshapimwa na mapato yanaonekana. Kukopa kwenye hatua ya uchunguzi usijaribu.

Nani ashike nini

Mweka hazina na fundi mkuu wasiwe mtu mmoja, na wasiwe mke na mume. Fundi akisema hiki kinahitajika, mweka hazina anauliza pesa ipo, na kila mmoja ana haki ya kusema hapana. Zaidi ya hapo kwenye mambo ya ufundi neno la mwisho liwe la mtu mmoja. Nimeona karakana ambapo timu ya Jumanne inafunga kitu na timu ya Jumamosi inakifungua kwa sababu wana maoni tofauti, miezi minne imepita, boliti zimechakaa, watu hawasalimiani. Mtu mmoja aamue, wengine wabishane nae kabla hajaamua.

Kila senti iandikwe na wachangiaji waione kila mwezi. Paybill ya chama, siyo namba ya simu ya mwenyekiti, hata kama mwenyekiti ni mtume. Watu wetu hawachoki kutoa, wanachoka kutojua.

Kwenye kufumua: usiondoe kitu bila picha, na kila kitu kifungiwe kibandiko cha bati chenye namba iliyogongwa, karatasi na kalamu ya wino zinafutika na grisi. Andika kinatoka upande gani, kushoto au kulia, mtambo wa mbele au wa nyuma. Injini inafumuliwa na watu wa leo na kufungwa na watu wengine baada ya miaka saba, na wale wa leo wengine watakuwa wamehama au wamefariki. Sisi tuliwahi kupoteza wikendi tatu kutafuta vipini viwili vilivyokuwa kwenye debe la rangi limeandikwa "mbalimbali." Na vitu vya shaba na shaba nyeupe vitoke karakanani siku ileile vinapofunguliwa, vikafungiwe kwenye kontena yenye kufuli nzuri, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawana habari kuwa hiyo ni historia.

Makampuni ya nje utayahitaji, hasa kwa boila, magurudumu na kuyeyusha vyuma. Boila nenda mwenyewe karakanani kwao, ona kazi za wengine zilizolala pale uani zinasubiri, hesabu ziko ngapi, hiyo ndo foleni yako. Lipa kwa hatua zilizoisha, kila hatua imekaguliwa na mkaguzi wako wewe, usilipe nusu mbele kwa sababu tu jamaa ana jina. Chama kimoja ninachokifahamu kililipa mbele sehemu kubwa, karakana ile ikaishiwa, na vipande vyao vikakaa nyuma ya geti lililofungwa na wadai wengine kwa muda mrefu sana. Na mkaguzi wa bima ya boila mlete mwanzoni kabisa, kabla hamjachomelea chochote, akubali kwa maandishi namna mtakavyotengeneza. Kazi nzuri isiyo na karatasi yake anaweza kuikataa na itabidi irudiwe.

Kuhusu michoro, kwa 59 tuna bahati. Ziliundwa na Beyer, Peacock pale Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956, jumla 34, na kumbukumbu za kampuni hiyo zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda hapohapo Manchester. Mchoro mmoja halisi unakuokolea wiki nzima za kupima na kubahatisha. Kalibu za mbao za kumiminia vyuma nazo ni ghali, kwaiyo uliza kwanza kama kuna chama kingine kimeshatengeneza za kitu kinachofanana, wengi wanaazimana.

Siku ya kuiwasha, na siku inayofuata

Kabla ya moto kuna maji. Boila inajazwa maji mpaka hewa yote itoke, alafu inasukumwa na pampu kupita presha yake ya kazi, ambayo kwa 59 ni pauni 225 kwa inchi ya mraba. Maji hayabanani kama mvuke kwaiyo hata kukiwa na kasoro yanatoka tu kwa kudondoka. Unazunguka na tochi na kitambaa kikavu unaangalia kila riveti inayolia. Tone moja kwenye kiungo linakurudisha wiki. Rudi tu.

Moto wa kwanza ni mdogo na wa polepole, boila kubwa baridi unaipa siku nzima au zaidi ipate joto sawasawa, maana chuma kikitanuka upande mmoja kabla ya mwingine ndo unazalisha zile stei zilizokatika. Babu alikuwa anasema 59 haina koleo, ina valvu ya mafuta na jicho, fayamani anaangalia rangi ya moshi na anaangalia glasi ya maji, ile inayoonyesha maji ndani ya boila yamefika wapi. Glasi ya maji aliitaja kama mtu anavyotaja mtoto wake.

Na hapo hakuna mzaha. Juni 1995 kule Gardners, Pennsylvania, injini namba 1278 ya reli ya kitalii ya Gettysburg ilipata mlipuko wa sanduku la moto, watu watatu waliokuwa ndani ya kibanda wakaungua vibaya. Wachunguzi walikuta maji yalikuwa yameshuka chini ya paa la sanduku la moto na kipimo cha maji kilikuwa kimeziba kwa ukoko. Marekani ikaandika upya kanuni za ukaguzi wa boila za mvuke baada ya hapo. Kwaiyo kwenye bajeti yako lazima kuwe na fungu la kufundisha watu na fungu la dawa za maji, na kuosha boila kwa ratiba hata kama kuna watalii wanasubiri.

Sasa lile ambalo sijaona kamati ikilipangia mapema. Siku boila inapopasishwa saa inaanza kuhesabu. Uingereza kwa kawaida ni miaka kumi alafu mirija yote inatoka tena, Marekani ni siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia. Ina maana ile kazi yote uliyoifanya itarudi, kwa tarehe inayojulikana. Tuseme, kwa mfano tu, matengenezo yajayo yatahitaji pauni 600,000, na injini inafanya kazi siku 60 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni siku 600, kwaiyo kila siku inayotoka bandani inadaiwa pauni 1,000 kabla hujalipia mafuta, maji, dereva wala njia. Hiyo elfu moja iwekwe kwenye akaunti ya pembeni isiyoguswa. Kama tikiti zenu haziwezi kuibeba, punguzeni safari au pandisheni bei, au semeni ukweli kwa wachangiaji kuwa mchango wa kila mwezi hautaisha siku injini ikitembea. Injini nyingi nzuri huku zimekaa bandani miaka na miaka, zimepakwa rangi zinang'aa, cheti kimeisha na akaunti ni sifuri.

Watu wenyewe

Pesa ikipatikana kesho yote, bado kuna kitu ambacho hakinunuliki, nacho ni mikono inayojua. Garratt za mwisho za 59 zilistaafu kufikia mwaka 1980. Kijana aliyekuwa na miaka 22 wakati huo saa hizi yuko karibu na 70, na hao ndo wadogo kabisa. Waliobaki wako Makongeni, Voi, Changamwe, Nakuru, wengine walirudi kwao Nyanza na Ukambani, na wanajua vitu ambavyo havimo kwenye mchoro wowote, kama ni kiungo gani cha mvuke kinavuja kwanza, ni valvu gani inadanganya.

Huku Uingereza karakana zinazodumu ni zile zilizompa kijana wa miaka 16 ufagio, alafu tambara, alafu spana, na mzee mmoja wa kumsimamia. Kwetu wazee bado wapo lakini hakuna aliyewapa kijana. Hii kazi haihitaji kamati wala akaunti. Babu alifariki kabla sijajua maswali ya kumuuliza, nilimuuliza kuhusu simba wa Tsavo kama kila mtoto, sikumuuliza alikuwa anajuaje moto umekaa sawa. Ukiwa na mzee wa reli kwenye ukoo au mtaani, nenda wiki hii, chapisha picha ya 59 kubwa kwenye karatasi, mwekee mezani, washa simu irekodi, alafu muulize: mzee, asubuhi ukifika shedi, ulikuwa unashika nini kwanza?